Miezi mitatu ya baiskeli Kimara hadi Kariakoo, mzani umepanda kilo moja. Nakosea wapi?

Mzee wa Baruti

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo kabla sijaipiga bei hii baiskeli.

Nina miaka 38, urefu sentimita 172. Natunza stoo ya duka la vipuri Kariakoo, yaani kazi yangu ni kiti cha plastiki, daftari na feni. Nikinyanyuka ni kwenda kuhesabu beringi. Mwanzoni mwa mwaka nilipimwa zahanati, kilo 96, presha nayo imeanza kunyanyuka. Dawa sikupewa, nikaambiwa punguza mwili urudi tukuone.

Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nikaanza kwenda nayo kazini. Nakaa Kimara Baruti na simu inasema mpaka dukani ni kilomita 14. Naendesha Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa napanda mwendokasi kwa sababu narudi na mizigo. Asubuhi natoka saa 12, mteremko mpaka Ubungo, dakika 50 niko dukani. Jioni ndiyo kuna kazi. Ukishaipita Ubungo ni kupanda tu, jua bado kali, malori yanakupulizia moshi, na ile njia ya pembeni bodaboda wameigeuza barabara yao. Saa nzima na dakika kumi, wakati mwingine nashuka nasukuma.

Nina saa ya mkononi, ya Kichina, ya elfu 45. Kila siku ya baiskeli inaniandikia nimechoma kalori 1,150. Nikazidisha kwa siku nne, 4,600 kwa wiki. Nikasoma kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kwa hesabu hiyo miezi mitatu ilitakiwa iniondolee kilo saba na ushee. Juzi nimerudi kwenye mzani uleule wa zahanati: 97. Suruali kiunoni iko vilevile, ila mapajani sasa inabana!

Chakula chenyewe si kingi. Zamani nilikuwa nakunywa chai na andazi moja nyumbani. Sasa hivi natoka bila kula, nikifika Kariakoo napata supu na chapati mbili. Mchana wali maharage na mchicha kwa mama lishe, na soda moja. Jioni Manzese nasimama kunywa juisi ya miwa maana koo linakuwa limekauka. Nyumbani ni ugali na mboga, na mke wangu siku hizi ananisongea ule wa mtu aliyetoka kulima. Wikiendi napumzika kabisa, miguu inadai. Zege, yaani chipsi mayai, mara mojamoja.

Nimekosea wapi jamani?

Kijana wa Shekilango

Mkuu hujakosea. Misuli ina uzito kuliko mafuta. Zimetoka kilo saba za mafuta zimeingia nane za misuli. Hongera.

Ticha wa Mikanjuni

Wa Shekilango, mwache mwenzio, ana shida ya kweli. Misuli ya kilo nane kwa miezi mitatu haipati hata anayenyanyua vyuma kila siku, sembuse mtu anayeshuka kusukuma pale Kona.

Mdogo wangu wa Baruti, mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, niko Tanga, na baiskeli kwetu si mazoezi, ni miguu. Tanga ni tambarare, mji mzima mpaka bibi anakwenda sokoni na baiskeli. Nimepanda baiskeli tangu nikiwa darasa la tano, na nimenenepa nikiwa juu ya baiskeli hiyohiyo, mpaka nikafika kilo 91. Kwa hiyo ukiniambia umepanda kilo moja sishangai hata kidogo. Leo nina 78. Imenichukua miezi 14, na kilomita ninazoendesha hazijaongezeka hata moja: tisa kwenda shule, tisa kurudi.

Tuanze na hiyo saa yako, ndiyo iliyokupoteza. Kwanza inahesabu hata zile kalori ambazo ungechoma ukiwa umekaa. Mwili wa kilo 96 ukikaa kwenye kiti cha plastiki na feni unatumia kama 80 hadi 100 kwa saa, na hizo huwezi kuzidai baiskeli. Pili, saa za aina hiyo zinakisia kwa mapigo ya moyo, na moyo wa mtu anayepandisha Kimara kwenye joto la Dar unadunda kwa ajili ya joto pia, kupeleka damu kwenye ngozi upoe. Saa haijui tofauti. Inaona mapigo, inakuandikia kalori.

Mimi ningekuwekea hivi. Kwa uzito wako na mwendo wako, kila kilomita weka kalori 20 hadi 25 za ziada. Kilomita 28 zinakupa kama 600. Si 1,150. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza: unaendesha siku nne lakini unakula siku saba. Mia sita mara nne ni 2,400, gawa kwa saba, unapata 340 na kidogo kwa siku. Hiyo ndiyo mali yako yote. Kalori 340.

Sasa tuone ulivyoitumia. Chapati ya kibandani, iliyokandwa na mafuta na kuchomwa kwa mafuta, haipungui 250, mara nyingi inafika 300. Mbili ni kama 580, toa lile andazi la zamani tuliwekee 180, umeongeza 400, na supu yenyewe sijaigusa. Glasi kubwa ya miwa ya nusu lita, 250 hivi, maana ni sukari na maji, nyuzi zote zimebaki kwenye mashine. Jumla 650. Kwa hiyo siku ya baiskeli, safari yote ya kwenda na kurudi umeshaila na chenji ya 50 juu, kabla mkeo hajaweka sufuria jikoni. Na usiku anakusongea wa mkulima.

Ungekula kama ulivyokuwa unakula zamani na hiyo baiskeli ukaiongeza tu, 2,400 kwa wiki mara wiki 13 ni 31,200, gawa kwa 7,700. Kilo nne. Si saba, lakini ni nne.

Ila kosa lako ni dogo kuliko unavyofikiri. Kilo moja kwa siku 91 ni ziada ya kama kalori 85 kwa siku. Nusu andazi! Na hiyo kilo yenyewe huenda hata si mafuta. Mtu akianza mazoezi, misuli inajiwekea akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Wiki za mwanzo mzani unaweza kupanda na wewe hujaharibu kitu. Ndiyo maana mapaja yanabana.

Kuna kanuni wataalamu wa lishe wanaitumia, ya Mifflin na St Jeor. Chukua kilo zako mara 10, ongeza sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, mwanamume anaongeza 5. Kwako: 960 jumlisha 1,075 toa 190 jumlisha 5, ni 1,850. Hizo ni za kuwa hai tu umelala. Kwa kazi ya kukaa zidisha kwa 1.2 au 1.3, unapata kati ya 2,200 na 2,400. Ongeza 340 zako za baiskeli, unaona mwili wako unatumia kama 2,550 hadi 2,750. Ukila 2,200 kwa wastani, utashuka kama nusu kilo kwa wiki au pungufu kidogo. Usitake zaidi. Mimi mwaka wa kwanza nilitaka zaidi, nikawa nashinda na chai ya rangi, jioni nafika nyumbani nakula kama nimetoka jela.

Sasa swali la jikoni, ambalo hukuligusa. Mafuta mnanunua dumu la lita ngapi na linakaa siku ngapi?

Nakuuliza kwa sababu mzani wangu wa kwanza ulikuwa dumu, sikununua ule wa kupanda. Nyumbani tulikuwa wanne na lita tano zilikuwa zinaisha mwezi. Nikakaa na chaki. Lita tano ni gramu 4,600 hivi, kila gramu kalori 9, hiyo ni 41,400. Gawa kwa siku 30, gawa kwa watu wanne: 345 kila mtu kila siku. Baiskeli yako nzima ya wiki, mdogo wangu, iko ndani ya dumu. Sukari vilevile, kilo nne kwa mwezi ilikuwa inampa kila mtu 133 kwa siku. Nikaamua mezani sihesabu cha mtu. Nahesabu kinachoingia kupitia mlangoni. Mafuta yakawa lita tatu kwa mwezi, sukari kilo mbili. Watoto hawakujua. Mume wangu alijua kwenye chai, akanung'unika wiki mbili, akazoea.

Kilichonishinda kupunguza ni nazi. Mie Mtanga, mhogo bila tui hapana. Nikaacha nazi ibaki Ijumaa na Jumapili, tui la kwanza linaingia mwisho na si lote.

Mtoto wa Busia

Naomba kutofautiana na mwalimu, kwa heshima. Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya, huku ambako hii boda boda mnayoisikia ilianzia, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Mzee wangu alibeba abiria miaka mingi kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, haina gia hata moja. Alikula ugali mlima mzima, sukuma wiki iliyokaangwa vizuri, chai ya maziwa na sukari vijiko vinne. Hakuhesabu kalori hata siku moja na tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo. Kusema ukweli hizi hesabu ni za watu wa ofisi. Endesha zaidi, basi. Na pandisha kiti, ukikanyaga pedali ikifika chini mguu ubaki umekunjika kidogo tu. Wengi naona wanaendesha wakiwa wamekunja magoti kama chura, halafu wanasema miguu imechoka.

Ticha wa Mikanjuni

Hilo la kiti shika, wa Baruti, amesema kweli.

Ila ndugu yangu wa Busia, mzee wako alikuwa anaendesha saa ngapi kwa siku? Kutwa nzima, tena na mtu mzima amekaa nyuma. Huyo alikuwa anatumia labda mara mbili ya huyu wa stoo, na ugali mlima ulikuwa unakwenda wote kwenye pedali. Na nikuulize lingine, pesa ikiwa haba alikuwa anakula mara ngapi? Mzee hakuhesabu kalori kwa sababu mfuko ulikuwa unamhesabia. Huyu wetu ana mshahara, ana Manzese iko njiani, na saa nane kwenye kiti.

Kuendesha zaidi pia kuna mtego wake, na ameutaja mwenyewe bila kujua: "wikiendi napumzika kabisa." Mwili ni mjanja. Ukiuchosha Jumatatu hadi Alhamisi, unalipiza Jumamosi kwenye kochi. Zamani Jumamosi ulikuwa unakwenda wapi, wa Baruti? Sokoni kwa miguu? Saluni? Sasa unatuma mtoto.

Mtoto wa Busia

Mara moja kwa siku, wakati mwingine. Umenikumbusha mbali, mwalimu. Nimenyamaza.

Sista Zamu ya Usiku

Wapendwa, mimi ni muuguzi, Dodoma. Nimependa hesabu za mwalimu. Naongeza machache, si kwa ajili ya muuliza swali peke yake, najua wengine wanasoma kimyakimya.

Kama unatumia dawa za kisukari, hasa sindano ya insulini au vidonge vya glibenclamide, usianze kupunguza chakula na kuongeza baiskeli kwa wakati mmoja bila kuongea na anayekutibu. Sukari inaweza kushuka ukiwa katikati ya barabara. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na ukiwa juani unaweza kudhani ni uchovu wa kawaida. Simama, kula vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari au kunywa soda yenye sukari, subiri dakika 15, kisha upate chakula. Mtu huyo ndiye ambaye siwezi kumwambia aache kubeba sukari mfukoni. Anayetumia metformin peke yake hatari hii kwake ni ndogo sana. Na wale wa vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, joto la pwani na jasho la saa moja si mchezo, maji yawe karibu.

Kaka wa Baruti, wewe acha mzani utawale maisha. Shirika la Afya Duniani linawaambia watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wewe kwa siku nne unafanya 480. Presha yako inaweza kunufaika hata kama kilo hazijatikisika, kwa hiyo ukirudi zahanati omba na presha ipimwe, usiishie kwenye mzani. Nunua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani (nawajua). Kipimo kizuri ni kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kwako nusu ni sentimita 86.

Usiuze baiskeli.

Mzee wa Baruti

Dah. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mke wangu.

Mwalimu, dumu la lita tano kwetu linakaa siku 24. Tuko watatu na mtoto mdogo. Sikutaka hata kumaliza kugawanya. Mke wangu amenitazama akasema, "Nani kila asubuhi anaomba mayai yaelee?" Nimenyamaza kama wa Busia.

Kiuno nimepima: 106. Futi ilikuwa fupi kwa jinsi nilivyoishika, nikarudia.

Na kweli, Jumamosi nilikuwa natembea kwenda sokoni na kurudi na mfuko. Tangu nimeanza baiskeli naagiza. Nilikuwa najiona nimestahili.

Sasa nipeni utaratibu wa kibinadamu. Nikisema niache supu nitakufa. Saa moja asubuhi pale nimetoka jasho, wenzangu wote wako kwenye benchi, mvuke unapanda, limau, pilipili. Siwezi kukaa pembeni na ndizi yangu kama mgonjwa.

Ticha wa Mikanjuni

Nani kakwambia uache supu? Supu kula. Chapati moja badala ya mbili, na mwambie akuwekee nyama, apunguze yale mafuta yanayoelea juu. Nyama inashikilia tumbo, chapati ya pili inashikilia kiti.

Njaa yako kubwa si ya asubuhi, ni ya saa 11 jioni. Umekula wali saa 7, unatoka dukani tumbo tupu, Manzese inakukuta huna ulinzi. Hapo hata mimi ningekunywa miwa. Kwa hiyo saa 10 na nusu, ukiwa bado kwenye kiti chako, kula ndizi moja na yai la kuchemsha, au karanga zinazojaa kiganja, kiganja hakijafunguka. Hiyo ni kama 180. Chupa ya maji ya lita moja iwe kwenye baiskeli. Kiu utaimaliza kwa maji na sukari utakuwa huihitaji, safari ya saa moja mwili una akiba yake ya kutosha. Mara moja kwa wiki simama Manzese kunywa miwa yako kwa raha, kaa chini, usinywe umesimama kama unatoroka.

Soda ya mchana ya mililita 350 ni kama 150. Hiyo mimi ningeifuta bila hata kuiaga. Wali usiufute. Mwambie mama lishe akugeuzie: maharage yawe upawa mbili, wali upungue kwa ukubwa wa ngumi, mchicha usilete salamu tu, uje kama mgeni rasmi.

Usiku ugali wa kawaida yako ya zamani. Na hapa ongea na mkeo vizuri, maana mwanamke akimwona mumewe kaingia analowa jasho, kumpunguzia ugali anaona ni unyama. Kwangu ilikuwa mama mkwe. Kila nikipungua kilo mbili anapiga simu kwa ndugu kuuliza kama mwanawe ananitesa.

Kingine, mwezi wa Ramadhani kama unafunga usijidanganye. Mwaka juzi nilifunga siku zote na nikaongezeka kilo mbili. Futari ya kwetu ni viazi vya nazi, tambi za sukari, kaimati, uji, vyote saa moja ile ile. Baiskeli nilikuwa naendesha asubuhi tu, polepole.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya choo kabla ya chai, na uandike. Mzani wa siku moja ni mwongo. Angalia wiki nne.

Kijana wa Shekilango

Zege ya kawaida ni kalori ngapi? Naulizia rafiki.

Ticha wa Mikanjuni

Mwambie rafiki yako viazi vikikaangwa vinakunywa mafuta, gramu mia ni kama kalori 300. Sahani ya zege ina viazi gramu 250 hivi, mayai mawili, na mafuta mengine ya kuunganishia. Haipungui 900. Kwa rafiki wa kilo 96 ni kilomita 40 za baiskeli. Kimara, Kariakoo, Kimara, halafu arudi tena mpaka karibu na Kariakoo.

Kijana wa Shekilango

Rafiki amezimia.

Mzee wa Baruti

Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa pembeni kwa mwalimu.

Mzani: 94.6. Kiuno: 102. Presha sista, wamesema imeteremka kidogo, wanataka kuniona tena baada ya miezi mitatu.

Nisijifanye malaika. Wiki ya pili mvua ilinyesha, Jangwani maji yakajaa, siku tatu sikuendesha na nilikula kana kwamba nimeendesha. Wiki ya nne nilimnunulia mtoto zege nikaishia kula yote, yeye alitaka ketchup tu. Lakini miwa nimeshuka mpaka Alhamisi peke yake, na yule kijana wa miwa ananipigia kelele kila nikipita, anadhani nimehamia kwa jirani yake. Chapati moja imewezekana. Siku ya kwanza muuza supu aliniuliza kama duka linafungwa.

Dumu sasa lina siku 31 na bado linaonekana kina. Mke wangu ameandika tarehe kwa kalamu ubavuni. Na yeye amepungua kilo moja na nusu bila kupanda baiskeli yoyote, jambo ambalo nimeliona si la haki.

Saa nimempa mtoto aichezee.

Tatizo jipya ni watu. Ukweni walikuja Jumapili, mama mkwe akanishika mkono jikoni, akaniuliza taratibu, "Baba, umeshapima?" Nikamwambia nimepima presha. Akasema hapana, umepima. Nimekonda kilo mbili na nusu tu jamani, bado nina kitambi cha kutosha kabisa!

Swali langu la leo: Jumamosi tuna harusi ya shemeji, Mbagala. Pilau, biriani, kila kitu, na mimi ndiye msimamizi wa chakula. Nafanyaje?

Ticha wa Mikanjuni

Hongera sana mdogo wangu, na hongera zaidi kwa shemeji wa dumu. Mbili na nusu kasoro kwa wiki sita ni mwendo mzuri, usiuharakishe.

Mama mkwe mwonyeshe baiskeli. Mpandishe nyuma kama anakubali.

Harusi ni harusi, pilau kula. Asubuhi kunywa chai yako kama kawaida, usijinyime ukisubiri sahani, msimamizi mwenye njaa ni hatari kwa wageni. Sahani moja, ijaze, keti, imalize. Tatizo la msimamizi si sahani, ni kuonja, sambusa hapa, kipande cha nyama pale, soda ya kumshikia mtu. Shika chupa ya maji mkononi muda wote, utakuwa huna mkono wa kuonjea.

Na Jumatatu usipande mzani. Chumvi ya pilau inashika maji, utaona kilo moja na nusu imerudi na utaanza kunililia hapa. Panda baiskeli. Mzani panda Alhamisi.

Mzee wa Baruti

Mama mkwe amekubali kupanda. Natafuta kiti cha nyuma cha abiria, mwenye kujua wanapouza Kariakoo anitajie mtaa. Wa Busia, ile ya mzee ilikuwa na sponji au mbao?

Mtoto wa Busia

Sponji, imevikwa ngozi ya bandia nyekundu, na kishikio cha chuma cha abiria. Akikaa upande, mwambie ashike kishikio, asikushike wewe kiuno, mtaanguka. Na kabla hajapanda jaza upepo tairi la nyuma.